Udongo wa Kwetu Kwenye Maji ya Watu

Mvua ya kwanza ikipiga Tabora, baada ya miezi ya vumbi, watu wote hutoka nje kunusa. Wasichana wangu wa jikoni huacha sufuria motoni, husimama barazani na kuvuta pumzi kama wanavuta pilau. "Mama, sikia harufu ya udongo ilivyo tamu." Mimi huingia ndani na kujiziba pua kwa kanga. Sikufichi, harufu ya udongo uliolowa inanitia kichefuchefu. Mate yananijaa mdomoni, yale mate mepesi ya mtu anayetaka kutapika, na ulimi unaanza kutafuta mchanga kwenye meno. Mchanga wenyewe haupo. Nimezika mume, nimejenga nyumba kwa kuuza wali na maharage kwa abiria wa mabasi, na shule niliishia darasa la tatu. Hakuna mtu wa kunitisha mjini hapa. Lakini mvua ya kwanza bado inanifanya niteme mate kama mwenye mimba ya miezi miwili.

Na hiyo mimba ndiyo wanayonitania. "Mama, umri huo bado unatuletea mdogo wetu?" Waseme. Wao walizaliwa maji yako kwenye chupa. Nyie wa rika langu, mliokulia vijijini, ndio ninaowaandikia, kwa sababu najua nyumbani kwenu nako kulikuwa na kitu cha namna hii, kichafu, kinaheshimiwa, na hakuna aliyethubutu kukigusa.

Kwetu ni Puge. Baba yangu wakati ninaousema hakuwepo nyumbani. Alikuwa amevuka ziwa kwenda Burundi, akapata kazi kwenye kiwanda cha kuchambulia pamba. Alimwacha mama na mimba, na mdogo wangu Maganga akazaliwa, akakaa, akaanza kutambaa, baba hajamtia machoni. Kati yangu na Maganga walikuwepo watoto wengine wa kiume, na wote walikufa kabla ya kusimama dede. Kwa hiyo salamu za baba zilipokuja, kwa mdomo wa mtu wa kijiji cha jirani aliyetoka huko, zilikuwa fupi. Amepata chumba, mama aje na watoto. Halafu yule mtu akakohoa, akatazama chini, akasema: "Amesema huyu wa sasa anataka kumshika kwa mikono yake mwenyewe. Amesema hataki kuambiwa habari zake tena."

Hakuna aliyehitaji kufafanuliwa. Safari yetu ilikuwa na mzigo mmoja tu, kumfikisha Maganga mikononi mwa baba akiwa mzima. Mengine yote, vyungu, mikeka, hata mimi mwenyewe, yalikuwa ya kujaza nafasi.

Mkuu wa safari alikuwa Shangazi Nyamizi, dada mkubwa wa baba. Mrefu, sauti nzito, mkono wake ukikupiga mgongoni kwa upendo unakohoa. Shangazi alikuwa hajawahi kufika mbali zaidi ya Tabora mjini, mtaa wa Mtendeni, kwa Mhindi mmoja aliyenunua asali yake. Lakini ukimsikiliza ungedhani ameizunguka dunia. Babu yake alikuwa mpagazi wa misafara ya zamani, alibeba pembe za ndovu kutoka kwetu mpaka pwani, akarudi, akaenda tena. Na Shangazi aliuchukua ule utembezi wa babu yake akauvaa kama nguo yake mwenyewe.

"Sisi ndio watu wa safari," alikuwa akimwambia mama. "Babu alikunywa kila mto kati ya hapa na bahari. Hakuhara hata siku moja. Unajua kwa nini, wifi?"

Mama alijua, ameshaambiwa mara nyingi, lakini aliuliza, "Kwa nini, wifi?"

"Udongo."

Waliokufa njiani kwa kuhara hawakurudi kutusimulia, ndiyo maana tuliwasikia waliopona tu. Hili nimelijua uzeeni. Wakati ule nilikaa nimekodoa macho.

Dawa yenyewe ilikuwa hivi. Nyuma ya nyumba yetu, baada ya banda la mbuzi, palikuwa na kichuguu kikubwa. Unachimba udongo wake, unautwanga, unauchekecha, unaukanda kwa maji, unafinyanga madonge makubwa kama tonge la mtu mwenye njaa, unayaanika juu ya paa mpaka yawe mawe. Ukifika kwa watu, maji yao hayakujui. Unakwangua donge kidogo kwa kisu, unatia kwenye maji, unakoroga, unakunywa. "Tumbo linasema, aa, kumbe bado tupo Puge," alisema Shangazi, na alikuwa akijipapasa tumbo lake kubwa kwa raha kabisa.

Sasa nisikilizeni vizuri. Choo kilikuwepo, cha shimo, lakini kilikuwa cha wakubwa. Mtoto haruhusiwi, atatumbukia. Watoto wote wa mji wetu, na wa majirani, tulikuwa tunakwenda nyuma ya kichuguu. Miaka na miaka. Mvua ikinyesha vinayeyuka, jua likiwaka vinakauka, kuku wanachakura, mbuzi wanapita juu yake. Nilimwona Shangazi akiinama pale na jembe, akichimba kwa heshima zote, na sikushangaa hata kidogo. Nilidhani ndiyo siri yenyewe ya dawa. Nilikuwa nimemwona mbwa wetu anavyokojolea kila kona ili mbwa wa watu wajue mwenyeji yupo. Nikajiambia, basi ndivyo hivyo, maji ya ugenini yatanusa, yatajua sisi ni kina nani, yatatuogopa. Niliona ni akili nyingi sana. Hata nilijivuna kwamba na mimi nimechangia.

Sharti la pili la Shangazi lilikuwa kutokula cha watu. Tulibeba matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa, vikakatwa na kuanikwa juani mpaka vinagonga kama vijiti, pamoja na karanga. Vyote vilifungwa kwenye shuka kuukuu, na juu ya shuka Shangazi alikalia, ili asiibiwe.

Tulipanda treni Tabora kwenda Kigoma. Ninachokikumbuka ni kwamba behewa zima lilinuka jasho, samaki mkavu na mkojo, na kwamba kadiri tulivyokwenda ndivyo mkojo ulivyozidi kushinda harufu nyingine. Kila kituo, wanawake walikuja dirishani na masinia kichwani. Mayai ya kuchemsha, bado na maganda yake, ya moto. Mihogo imetoka kuchomwa, inatoa mvuke. Mahindi mabichi ya kuchoma. Nilimeza mate mpaka koo likauma.

"Shangazi, yai."

"Cha njiani ni cha kutazama."

"Lina ganda, Shangazi."

"Wewe unajua kuku wake alikula nini?"

Mtu mmoja aliyekaa mbele yetu, fundi cherehani anayekwenda Uvinza, alikuwa anamenya lake taratibu, kwa makusudi nadhani. Akasema, "Mama, kuku wako wewe anakula nini, biskuti?"

"Kuku wangu namjua," Shangazi alimjibu, na mjadala ukafungwa.

Siku ya pili matobolwa yalikuwa yameota manyoya. Joto, jasho la Shangazi, shuka lililolowa kwa mkojo wa Maganga, vyote vilifanya kazi yao. Vipande vilikuwa na ukungu wa kijani, laini, na ukivivunja ndani vinavutika kama kamasi. Shangazi alivipangusa kwa kiganja. "Kula, ni ya kwetu." Nikala. Mpaka leo nikiona ukungu kwenye mkate natupa mkate, natupa na mfuko wake.

Baada ya kuvuka mto Malagarasi, Shangazi alitangaza kwamba sasa tuko kwa watu, dawa ianze. Maji aliyachota kituoni, kwenye tangi lililokuwa na kitu kinaogelea, akayatia kwenye kibuyu, akakwangua donge. Nilikuwa wa kwanza. Yalikuwa ya uvuguvugu, mazito, yana chenga zinazosaga kwenye meno, na harufu ni ile ile ya nyumbani baada ya mvua. Niliyameza kwa sababu Shangazi alikuwa ananitazama koo. Kisha akachovya kidole chake na kukitia mdomoni mwa Maganga. Mtoto alikunja uso wote, akatoa ulimi, tope likamtiririka kidevuni.

"Wifi, si bado ananyonya," mama alisema polepole.

"Ndiyo azoee mapema. Unataka akifika kule aanze upya?"

Mama akampangusa mtoto kidevu. Aliolewa kwenye ukoo wa watu wa safari, yeye kwao walikuwa wakulima tu.

Kigoma tulishuka ziwani. Nilikuwa sijaona maji mengi namna ile, na nilisikitika, kwa sababu nilihesabu kichwani kwamba madonge yetu hayawezi kutosha. Pale Shangazi alipojazia kibuyu, wanaume walikuwa wanaoga hatua chache pembeni yetu, povu la sabuni linaelea, na mtumbwi wa samaki ulikuwa unamwagwa uchafu wake, magamba na matumbo. Mama mmoja muuza chai alikuwa na birika lake linachemka kwenye makaa. Alimtazama Shangazi anavyokoroga.

"Mama, chai ya moto hii hapa. Mpe mtoto."

"Asante, tuna maji."

Yule mama akanyoosha shingo kutazama ndani ya kata. "Hayo ni maji au ni ya kukandikia nyumba?"

Wapagazi wa gatini walicheka. Shangazi alikunywa kata nzima mbele yao, mpaka tone la mwisho, akafuta mdomo, akawageuzia mgongo. Nilimwona shujaa. Nilikunywa na mimi.

Hapa nisimame kidogo niwaambie jambo. Mjukuu wangu anakwenda Dubai na Uchina kununua nguo, na wenzake humo kwenye ndege wanabeba vidonge, ndimu, vitunguu saumu, mwingine alimwambia ukinywa pombe kali kidogo kabla ya chakula wadudu wanakufa. Wote hao ni Shangazi Nyamizi, wamebadilisha viatu tu. Mtu akishajiona ana kinga, anakula barafu ya mtaani, anakunywa juisi iliyokorogwa kwa mkono wa mtu asiyemjua, kwa sababu anacho kidonge mfukoni. Ule udongo wetu ulikuwa na mavi ndani yake, sawa, lakini ubaya wake mkubwa ulikuwa ule ujasiri. Bila udongo, Shangazi asingekunywa maji yale ya ziwani. Angeogopa, na woga ungemsaidia. Mimi mjukuu wangu humwambia maneno machache. Kisichokuunguza vidole, kiache. Tunda usilolimenya mwenyewe, liache. Ukionekana huna adabu, wacha uonekane.

Turudi. Tulivuka kwa boti la injini lililojaa magunia ya dagaa. Maganga alianza humo. Kwanza alilia akikunja magoti, halafu ikasikika sauti, na mama akainua mkono wake kutoka chini ya mtoto, unachuruzika. Yalikuwa maji. Maji ya rangi ya udongo, yana utelezi, na harufu yake ilipita hata ya dagaa. Watu walisogea. Tulipokaribia upande wa pili mama hakuwa na kanga kavu hata moja, mimi nilikuwa nimetapika kwenye miguu yangu mwenyewe, na Shangazi alikuwa anakwangua donge, sasa vipande vikubwa zaidi.

"Maji yanapigana naye," alisema. "Dawa ni ndogo, inazidiwa. Na wewe mnyime ziwa kwanza, maziwa yako yamepata joto la safari. Asipotiwa kitu juu, chini patakauka penyewe."

Na mama akamnyima. Msimlaumu. Kila mmoja wetu angefanya hivyo siku zile. Mtoto anatoka maji, unaacha kumtia maji, si ndivyo unavyoziba mtungi?

Nyumba aliyopanga baba ilikuwa ya mjane mmoja, Bi Zaina, muuza chai na uji. Baba mwenyewe hakuwepo, kiwanda kilikuwa bondeni, mbali, na alikuwa anarudi mwisho wa wiki tu. Bi Zaina alitupokea mlangoni, na nilipomwona nilijificha nyuma ya mama. Alikuwa anavuta ugoro. Pua yake ilikuwa na ukingo mweusi uliolowa, na kila akimaliza maneno mawili alikuwa anapenga kwa vidole na kufuta vidole kwenye fremu ya mlango. Fremu ile ilikuwa inang'aa. Kuku walikuwa wanalala kwenye kitanda chake. Gauni lake lilikuwa limeganda kwa mbele. Ndani ya uchafu wote huo, kwenye mafiga, birika kubwa jeusi lilikuwa linachemka, na sikuwahi kuliona limepoa kwa siku zote tulizokaa pale.

"Karibuni wa kwetu," alisema. "Baba yenu ameningojesha mpaka nimechoka kufagia. Kaeni mnywe chai."

Shangazi aliongea na mama kwa Kinyamwezi, huku anatabasamu ili mwenyeji asijue. "Usipokee kitu kutoka mkono ule."

Na mimi nilikubaliana naye kabisa. Kama kungekuwa na mashindano ya usafi, Shangazi angeshinda mbele ya macho yangu. Shangazi alioga. Shangazi alipiga mswaki kwa kijiti. Nani angedhani?

Siku zilizofuata sipendi kuzikumbuka, na ndizo ninazozikumbuka vizuri kuliko harusi yangu. Chumba kilikuwa kidogo, hakina dirisha, na harufu ya Maganga ilikuwa imeingia ukutani, kwenye mkeka, kwenye nywele zangu. Nzi walitua kwenye kope zake na hakupepesa. Utosi wake ulibonyea, ungeweza kuweka maharage pale yasidondoke. Alikuwa analia bila machozi, halafu akaacha hata kulia, akawa anafungua mdomo tu. Na kila baada ya muda kidole cha Shangazi, kimechovywa tope, kinaingia mdomoni. Usiku na mchana mama alikuwa anatazama mlango, na nilijua anachokitazama. Baba atapita pale akiwa amenyoosha mikono.

Asubuhi moja Bi Zaina aliingia bila hodi. Alimbana Maganga ngozi ya tumbo kwa vidole vyake vya ugoro, ngozi ikabaki imesimama kama kitambaa.

"Mtoto anakauka huyu. Mnampa nini?"

"Dawa ya kwetu," Shangazi alisema.

"Dawa gani?"

"Ya wazee. Udongo wa nyumbani. Anazoeshwa maji."

Bi Zaina alichukua donge, akaligeuza, akalisogeza kwenye pua yake mbovu ile, akanusa. Halafu akaniuliza mimi. "Wewe binti, udongo huu mmetoa wapi?"

Nilifurahi kuulizwa. Siku zote zile hakuna mtu aliyekuwa ananisemesha. Nikamjibu kwa sauti, kama mtoto anayejua somo lake. "Kwenye kichuguu nyuma ya nyumba. Pale tunapokunya."

Bi Zaina aliliweka donge chini taratibu sana, akajifuta kiganja kwenye gauni, na ilikuwa mara ya kwanza kumwona anajifuta kwa sababu ya kitu kingine kisicho pua yake.

"Haya," alisema. "Watu wamevuka ziwa zima na mavi yao wameyafunga kitambaani."

"Muongo huyu," Shangazi alisema, na mkono wake ukanifikia. Nilidondoka juu ya mkeka wenye mkojo. Sikuelewa nimekosa nini. Nilikuwa nimeitetea dawa yake.

"Si muongo, wifi."

Hiyo ilikuwa sauti ya mama. Alikuwa ananitazama mimi, lakini anazungumza na Shangazi. "Watoto wote wanakwenda kule. Hata wewe unajua wanakwenda kule. Mimi pia najua. Hatukufikiri tu."

"Wazee walikuwa wanachimba pale pale."

"Labda wazee hawakuwa na watoto wengi."

Akainuka. Mama yangu hakuwahi kumpinga wifi yake hata katika chumvi ya mboga. Alichukua kibuyu, akaenda nacho uani, akakigeuza, na tulisikia tope linavyotoka kwa kwikwi mpaka likaisha. Akarudi, akakaa, akafungua kifua, akamweka Maganga kwenye ziwa. "Huyu nitamnyonyesha, wifi. Akifa, afe ameshiba."

Maganga hakuwa na nguvu ya kuvuta. Bi Zaina alileta uji mwembamba wa mchele aliotia chumvi, umetoka jikoni sasa hivi, akaupooza kwa kuumimina kutoka kikombe hiki kwenda kile. Kikombe kilikuwa na alama ya kidole gumba chake, nyeusi. Mama alikitazama kidole, akatazama mvuke, akapokea. Tone kwa tone, kwa kijiko. Mtoto alitapika, mama akasubiri, akaanza tena. Mimi nilipewa chai kwenye kikombe kingine kama kile, na nilikunywa nimefumba macho, nikiwaza ile fremu ya mlango, na ilikuwa tamu mpaka nikalia.

Shangazi alikaa uani, mgongo kwetu. Hakuomba radhi, watu wa namna yake hawaombi. Lakini alichukua rundo lote la kanga na matambara ya Maganga, yaliyoganda, yenye funza wanaoanza, akayafua kwa mikono, akayachemsha kwenye debe kwa kuni alizonunua mwenyewe. Alipokuwa akiyakamua niliona anavyosimama ghafla na kukimbilia chooni amebana tumbo. Alikuwa anaharisha tangu kwenye boti, alikuwa anatuficha. Jioni alikwenda chooni na kile kitambaa cha madonge, na nilisikia vitu vizito vikitumbukia kimoja baada ya kingine. Alirudi na kitambaa kitupu, akakitia kwenye debe linalochemka.

Baba alirudi mwisho wa wiki, ana pamba kwenye nywele na kwenye nyusi. Sikumtambua. Mama alipiga goti. Baba alimsalimu dada yake kwanza, "Shikamoo, dada," naye akaitikia marahaba kwa sauti ndogo isiyo yake. Kisha akanyoosha mikono, vile vile kama nilivyokuwa namwona kichwani, na mama akamweka Maganga juu yake.

Baba alimpima kwa kumpandisha na kumshusha. Nilimwona usoni anavyogundua.

"Mbona mwepesi hivi?"

Mama alitazama chini. Bi Zaina alikuwa mlangoni na ugoro wake. Ingewezekana kusema safari ilikuwa mbaya. Ingewezekana kusema joto, boti, Mungu.

"Ni mimi," Shangazi alisema. Alisimama wima, urefu wake wote. "Nimemnywesha mwanao mavi. Udongo wa babu niliuchimba wanapokwenda watoto, na binti yako aliposema ukweli nikampiga. Mkeo ndiye aliyemwaga. Usimuulize yeye."

Kabla baba hajasema kitu, Maganga alikunja uso, akawa mwekundu, akaguna kama mzee anayenyanyua gunia. Tulikuwa tumezoea sauti iliyokuwa ikifuata, ile ya maji. Haikuja. Kitu kilidondoka kwenye shati la kazi la baba, kikatulia pale.

Shangazi alipiga magoti hata kabla ya mama. Alishika ukingo wa shati kwa mikono miwili, akainamisha uso wake karibu kabisa, mtu aliyekuwa hataki kugusa kikombe cha mwenzake.

"Kimeshikana," alisema. "Wifi, njoo uone. Kimeshikana."

Mama akaja, akainama. Bi Zaina naye akaacha mlango, akasukuma bega lake katikati yao, akatazama, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Harufu ilikuwa mbaya, nilijiziba pua, na wale wanawake watatu walikuwa wanatabasamu juu ya mavi kama watu wanaoota moto wakati wa baridi. Machozi ya Shangazi yalikuwa yanadondokea shati.

"Jamani," baba alisema, amemshikilia mtoto mbali na mwili wake, "nani atanifuta?"